Nilimwambia Mkwe Wangu Mwanawe Hatamwona Mungu

Mshauri wangu mpendwa, nimeumbuka na siwezi kumwambia mtu yeyote wa parokiani, nisaidie. Mimi ni fundi cherehani na ni katekista kwa miaka ishirini na miwili, watoto wa mtaa mzima wamepita mikononi mwangu, na mwaka jana mke wa mwanangu alijifungua kichanga kikaishi siku tatu tu, ubatizo tulikuwa tumeupanga Jumapili, chenyewe kikaondoka Ijumaa, basi tulipotoka kuzika akaniuliza, "Mama, yuko wapi sasa?" nami, Mungu anisamehe, nikajibu kama nilivyofundishwa utotoni, kwamba wasiobatizwa hukaa Limbo, mahali pasipo mateso ila Mungu hawamwoni, na nikajiona nimemfariji.

Baada ya miezi minne nikasikia anasali kwa Wamormoni, anafuatana na mwenzake wa duka la dawa anakofanya kazi, nikaja juu, nikamwita mezani nilipokuwa nakata sare za shule, nikamwambia ameikana imani, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, kule niliuliza swali lile lile. Wakanifungulia kitabu chao, wakasema na nabii wao aliye hai anafundisha hivyo hivyo: mtoto wa chini ya miaka minane hana hatia, yuko kwa Mungu. Na lile lako, nani kalisema?" Nikauweka mkasi mezani. Nilipekua katekisimu yote, Limbo sikuiona, nikamwendea padri, akavua miwani akaniambia, "Mwalimu, hilo halikuwahi kutangazwa kuwa fundisho la lazima. Yalikuwa maoni ya wataalamu, yakazoeleka." Nililia mbele yake. Sasa mwanangu anasema nilinyamazie kosa hili nisije nikajiaibisha, wanafunzi wataniona kituko, na mimi nataka mkwe wangu arudi kanisani, je, nianzie wapi?

Katekista mwenye aibu

JIBU

Mama katekista, pole. Pole sana, wewe na yeye. Ila nitakusema kidogo, maana umeomba ushauri, hukuomba kubembelezwa.

Padri wako kasema kweli. Kanisa lako hutangaza fundisho la lazima maaskofu wanapokutana kwenye mtaguso pamoja na Papa, au Papa mwenyewe anapolitamkia Kanisa zima rasmi, au maaskofu wote duniani wanapofundisha jambo kwa sauti moja kuwa ni la kushikwa daima. Chini ya hapo kuna ngazi nyingi, na huko chini kabisa ndiko yaliko maoni ya walimu, hata yakiwa ya karne nyingi. Wewe uliyatoa huko ukayapandisha madhabahuni! Vichanga vinavyokufa bila ubatizo Kanisa linavikabidhi kwa huruma ya Mungu na linatuachia tutumaini.

Hao Wamormoni njia yao ni fupi. Rais wa kanisa lao ndiye nabii. Yeye na mitume wake wakipokea jambo jipya huliweka mbele ya waumini, mikono ikainuliwa kulikubali. Lakini hata kwao si kila neno la kiongozi ni fundisho, wapo waliotoa ya kwao binafsi yakaja kuachwa. Kwa hiyo usiende kushindanisha Papa na nabii. Mkwe wako alikuwa na uchungu, akaenda alikojibiwa. Hilo si usaliti.

Mwanao anakulinda wewe. Mkewe nani anamlinda?

Nenda wiki hii, peke yako, bila kitabu. Mwambie, "Nilikosea. Nilikwambia jambo ambalo Kanisa halikulitangaza, na nilikuumiza." Kisha nyamaza. Neno "rudi" lisitoke kinywani mwako. Akirudi au asirudi ni yeye na Mungu wake. Ukishamaliza hapo, wasahihishe wanafunzi wako mbele ya darasa, na ukumbuke mama wengine waliofiwa uliowapa jibu hilo hilo. Miaka ishirini na miwili, mama, sidhani mkwe wako alikuwa peke yake. Wagongee milango.

Na jambo moja limeniuma. Barua nzima umemwita kichanga tu. Hukuandika "mjukuu wangu" hata mara moja. Siku tatu aliishi kati yenu. Ukifika kwa mkwe wako, anza na neno hilo.