Sukari ya Kimea

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini magoti bado yanakufikisha shambani na baridi ya Mollo haijakuzidi nguvu. Sisi huku mjini hatujambo. Mjukuu wako Loth ameota meno mawili na anang'ata kila mtu isipokuwa baba yake.

Mama, kile kimea cha ulezi ulichonipa kimeingia maabara. Wiki iliyopita wanafunzi wangu walipaswa kupima maltosi, yaani sukari ya kimea, nami nikakuta chupa yetu tupu. Mkuu wa shule akasema tuahirishe. Nikamjibu kwamba mtoto wa mpika togwa hawezi kukwama kwa jambo hilo.

Nikapika uji wa mahindi kama wa togwa, na kwa haraka zangu nikatia kimea ukiwa bado unachemka. Dawa ya bluu ya kupimia, ambayo sukari hiyo huigeuza nyekundu kama tofali, ikawa kijani hafifu tu. Nikaona aibu. Ndipo nikakumbuka kwamba wewe husubiri uji upoe mpaka kidole kivumilie. Tukarudia hivyo, tukaupa saa nzima. Uji ukawa mwepesi na mtamu, dawa ikawa nyekundu, wanafunzi wakapiga makofi. Niliwaeleza kuwa moto mkali huua nguvu ya kimea.

Furaha ilinitoka nilipokuwa naosha vyombo. Unakumbuka kipaimara cha kaka Kornel, togwa ilipobaki nzito, bila utamu, mbele ya wageni? Ulisema shangazi Fransiska ameiharibu kwa mkono wake mbaya, na tangu siku hiyo hamjakaa jiko moja. Mama, ni mimi. Shangazi alikwenda kisimani, akaniachia kimea nisubiri uji upoe. Nilitaka kuwahi kucheza, nikakitia ukitokota. Mlipogombana nilihisi kosa ni langu, nikaogopa, nikanyamaza miaka yote hii.

Jana nilikwenda Pito kwa shangazi kumwomba radhi. Akaniambia alijua tangu siku ile, maana alirudi akakuta uji unatokota na mfuko wa kimea mtupu. Hakunitaja kwa sababu nilikuwa na miaka tisa, na wewe ulikuwa umeshika fimbo.

Nisamehe, mama. Jumapili baada ya misa nitakuja naye. Hana kinyongo, ameuliza tu kama abebe kimea chake au mtatumia chako.

Nisalimie kaka na wote wa hapo nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Cornelia