Sehemu Isiyo Yake

Duluth, Minnesota
Jumapili, 3 Mei 1992

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na shangazi Frida bado anakuburuta pwani kila asubuhi? Sisi huku wazima. Theluji imeondoka juzi tu, na koti la baridi bado sijathubutu kuliweka kabatini.

Umeniuliza habari za darasa lako. Nasema lako, maana ni miaka miwili tangu uniachie na kuhamia Haifa huko Israeli, na watu wa sinagogi bado wananiita "binti wa Mwalimu". Kila Jumatano saa kumi jioni niko nao chumba kilekile cha chini. Darasa la saba mwaka huu wako watano, lakini kwa kelele utadhani hamsini. Juzi nawaeleza kwamba mkulima huacha pembe za shamba bila kuvuna, kwa ajili ya maskini. Asher akanyoosha mkono: "Na kama shamba ni la duara?" Wewe ungemtoa nje. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Lakini ninayetaka kukusimulia ni Tova Lifson. Herufi zinamchezea machoni huyu mtoto. Kitabu cha shule tu kinamtoa jasho, sembuse gombo la Torati lisilo na irabu wala alama za mahadhi. Mwaka jana alikosea kusoma baraka, wenzake wakamcheka, akakaa wiki sita bila kutia mguu. Basi nikamrekodia kwenye kanda sehemu ya Torati inayosomwa Sabato yake. Miezi minane anasikiliza na kufuatisha kwa kidole, anasikiliza na kufuatisha. Sasa ile habari ya Haruni kuwasha taa anaighani bila kukwama hata mara moja! Tarehe 13 Juni ni bat mitzva yake, atakaposimama kuisoma kwa mara ya kwanza mbele ya sinagogi zima, na ameniapia kwamba akichekwa tena, sinagogini harudi maisha. Namwamini, ana kichwa kigumu.

Ile kalenda uliyonitumia kutoka huko nimeitundika jikoni. Ndiyo ninayopangia mambo yangu yote.

Binti yako,
Hinda

*

Haifa
Jumatatu, 11 Mei 1992

Hinda, mama yangu,

Marahaba. Goti liache, na Frida mwache. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama.

Tarehe 13 Juni taa za Haruni? Hinda! Huko kwenu wiki hiyo si taa! Mwaka huu siku ya nane ya Pasaka imeangukia Sabato. Ninyi wa ng'ambo mnaosherehekea siku nane mlikuwa bado kwenye sikukuu, sisi huku tulishamaliza siku zetu saba tukaendelea na sehemu za Torati za kila wiki. Tangu siku ile tumewatangulia kwa sehemu moja, na hamtatufikia hadi mwisho wa Julai. Kalenda yangu ni ya huku. Sehemu ya mtoto huyo ni ile ya kabla yake, ndefu kuliko zote za mwaka. Mimi nilikutumia ile kalenda kwa ajili ya picha za maua, sikujua utaifundishia.

Nimekupigia simu mara mbili, nikapokewa na mashine inayoniambia niongee baada ya mlio. Mimi siongei na mashine.

Sasa nisikilize mimi niliyekaa chumba hicho miaka thelathini na mitano. Usiwaambie watoto kwamba umekosea. Sema kamati imebadilisha. Sema rabi anayekuja mara moja kwa mwezi ameamua hivyo. Sema lolote. Mwalimu akishajishusha mbele ya darasa la saba, kwisha habari yake, watamkalia kichwani. Mpe mtoto mistari michache ya mwisho, mifupi, apite nayo.

Nijulishe haraka. Silali vizuri.

Baba yako

*

Duluth
Ijumaa, 22 Mei 1992

Baba,

Shikamoo. Nakuombea afya na usingizi, maana huku usingizi umetukimbia.

Barua yako imefika juzi Jumatano mchana, saa chache kabla ya darasa. Niliisoma hapo hapo kwenye sanduku la posta. Nimekaa na ile kalenda ukutani tangu Septemba, Baba! Na mimi ndiye ninayewasomesha watoto wa wenzangu mambo ya sikukuu. Aibu iliyoje.

Njiani nilijaribu uongo wako. Nilijisemea kwa sauti ndani ya gari, "Watoto, kamati imebadilisha." Ukanikaa vibaya mdomoni. Hawa ndio watoto ninaowaambia kila mwaka kwamba kabla ya Siku ya Upatanisho mtu humwendea aliyemkosea, uso kwa uso, akamwomba radhi. Sasa niwadanganye mwezi wa tano?

Kwa hiyo, Baba, sikukutii. Nilisimama mbele yao nikasema, "Tova, nimekufundisha sehemu isiyo yako. Kosa ni langu. Si la kamati, si la rabi, wala si la kalenda. Nakuomba radhi mbele ya wenzako wote."

Tova akasema taratibu tu, "Miezi minane, Mwalimu." Akachukua koti lake akatoka.

Mama yake amenipigia jana. Mtoto amejifungia chumbani, hataki kusikia jina langu. Zimebaki wiki tatu. Nimemwachia kanda mpya mlangoni na nakala ya sehemu yenyewe. Zaidi ya hapo sijui la kufanya.

Nikemee tu, ninastahili.

Hinda wako

*

Duluth
Jumapili, 14 Juni 1992

Baba mpendwa,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa shangazi Frida. Wiki tatu hujaniandikia. Kama umekasirika, kasirika, lakini soma hii kwanza.

Siku nne baada ya barua yangu ya mwisho, kengele ya mlango ililia. Nafungua, Tova huyo, nywele timutimu, ile nakala mkononi. Hata salamu hakunipa. "Mwalimu, hivi hawa wakuu walikwenda duka moja?"

"Wakuu gani?"

"Hawa! Wa makabila kumi na mawili! Huyu kaleta sahani ya fedha, bakuli la fedha, kijiko cha dhahabu, ng'ombe, kondoo. Kesho yake anakuja mwingine na sahani, bakuli, kijiko, ng'ombe, kondoo. Kumi na wawili! Ni vilevile, jina tu linabadilika!" Kisha akaninyooshea kidole. "Nikijifunza mmoja, nimewajua wote."

Baba, mimi nilikuwa nimemtafutia mistari michache ya mwisho, kama ulivyosema. Yeye akachagua kuwasoma wote kumi na wawili. Nimeisikia sehemu ile kila mwaka tangu nizaliwe nikiiona ya kuchosha, na haijanipitia akilini kwamba kuna mtoto ambaye kurudiarudia kule ndiko kutamwokoa.

Jana alisimama. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, sauti safi kabisa. Kwa mkuu wa tano akaruka kijiko. Unawajua watu wetu: mzee Peck kutoka safu ya tatu, "Kijiko!" Na wengine nyuma yake, "Kijiko! Kijiko!" kama kawaida yetu, msomaji asahihishwe palepale. Nilimwona akiweka chini ile fimbo ya kuonyeshea mistari. Nikajua basi, anashuka.

Akainua uso akasema, "Asante, Mzee Peck, narudi nyuma." Katikati ya Torati, ambapo haturuhusiwi kuongea! Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, akaokota fimbo yake akarudia mstari, safari hii na kijiko. Alipofika kwa mkuu wa tisa, sinagogi zima lilikuwa linaghani naye chinichini. Wazee wanalia, Baba. Mimi nilishaanza zamani.

Halafu hotuba yake. Nakuandikia kama alivyosema: "Torati ingeweza kusema, wote walileta vitu vilevile, ikamaliza. Lakini kila mmoja kaandikwa peke yake, ili asimezwe na wenzake. Na nataka kusema jambo moja zaidi. Mwalimu wangu alinikosea, akaja kuniambia mbele ya darasa zima, na hakufa. Leo nimekosea mbele yenu wote, na sijafa."

Sina la kuongeza. Najivunia mtoto huyu kuliko ninavyoweza kuandika.

Binti yako,
Hinda

*

Haifa
Alhamisi, 25 Juni 1992

Mama yangu,

Marahaba. Tuko hai, na Frida anakusalimu. Sikukasirika. Barua yako ya Mei ilinikuta mahali pabaya, nikawa kila nikishika kalamu naiweka chini. Hii ya jana nimeisoma kwa sauti, Frida akasikiliza, kisha nikamwomba aniache peke yangu.

Nitakuambia jambo ambalo hata marehemu mama yako sikumwambia. Mwaka 1958 nilikuwa na mwanafunzi, Mendel Katzoff. Mtoto mpole, mwenye bidii. Nilimpa sehemu ya juma jingine, kwa haraka zangu tu. Niligundua asubuhi ya Sabato yenyewe, gombo limeshafunguliwa, yeye amesimama pale anatafuta maneno yake na hayaoni. Watu wakanigeukia mimi. Nikasema, "Hakusoma."

Mama yake alikuwa kule juu, wanawake walikokaa enzi zile. Mendel alinitazama, Hinda. Alijua. Hakunitaja, wala siku ile wala baadaye. Alishuka jukwaani, na sinagogini hakurudi tena. Nikaendelea kufundisha miaka thelathini na miwili, nikisifiwa.

Wewe umefundisha miaka miwili, na umefanya nilichoshindwa mimi. Ushauri niliokupa haukuwa wa mwalimu, ulikuwa wa mtu anayejificha. Umefanya vizuri kutonitii.

Jana nimempigia Peck. Anasema Mendel yuko Seattle, ana duka la saa, akanipa na anwani yake. Nimechana barua tatu. Ya nne haina salamu ndefu wala sababu. Inasema nilikosea mimi, yeye alikuwa amesoma. Nimeitia posta asubuhi hii, kabla sijakuandikia wewe.

Baba yako