Barua ya Nasieku Ilikaa Mezani Kwangu

Dada Nekesa,

Nakuomba usimsomee mtu maneno haya, hata Mama. Kadi hii nimeitia kwenye bahasha kwa sababu naogopa macho ya watu wa posta.

Jana bosi alinituma Mashuuru kumpelekea Nasieku, mtoto wa miaka sita, barua ya daktari ya kwenda kutibiwa Nairobi. Ana tundu kwenye moyo tangu azaliwe, na daktari alionya kwamba damu inaweza kuganda na kupanda ubongoni. Barua hiyo ilikaa mezani kwangu wiki tatu, ikingoja muhuri wa chifu kwenye fomu ya mama yake. Ndivyo nilivyofunzwa kazi.

Nilichelewa. Mtoto alinijia akiburuta mguu, mdomo umeenda upande, mkono wa kushoto unaning'inia. Akainamisha kichwa nimguse, kama watoto wa huku wanavyowasalimu wakubwa. Nikamgusa. Mama yake akanimiminia chai ya maziwa matupu. "Asante karani, wewe hukusahau sisi." Dereva nami tulimbeba Nasieku kwa gari la ofisi hadi hospitali.

Leo bosi ameniambia, "Andika kwenye ripoti mama yake ndiye aliyechelewa. Ama unataka kurudi kwenu kulima?"

Sijaandika, na sitaandika. Niwekee jembe, dada. Wakumbatie watoto wako wote, mmoja mmoja.

Ukijibu, usitumie sanduku la ofisi. Tuma kupitia kwa pasta wetu hapa Kitengela, na juu ya bahasha uandike Wafula tu, bila neno karani.