Pete ya Hooyo na Mchanga wa Tana

Garissa, Jumanne usiku

Na mashine yenyewe ya kutafutia vyuma si mbovu, hilo ndilo linaloniudhi. Asubuhi niliipitisha ukingoni mwa mto Tana, ikanionyesha vizibo vya soda na msumari uliozama chini kabisa ya mchanga. Pete ya mama, hooyo wangu, haikuwepo.

Alhamisi aliivua palepale ili atie udhu, akaiweka mchangani kando ya jerikeni. Akaswali, akaondoka, akaisahau. Ni pete aliyovishwa na marehemu baba.

Kumbe mchanga wa pale umeshachotwa. Wapakiaji waliniambia lori liliupeleka kwenye msikiti unaojengwa nyuma ya soko la mifugo. Nikaenda. Nilikuta zege ya sakafu imeshamwagwa na kukauka. Nikapitisha mashine, ikalia. Nikasogea, ikalia tena. Ililia sakafu nzima.

"Hizo ni nondo za chuma, warya," fundi akaniambia. "Tumezilaza chini kote. Sasa utavunja wapi?"

Ni msikiti, nitavunja wapi?

Nilipofika nyumbani hooyo hakungoja hata salamu. "Mashine ililia?"

Nilitaka kumweleza habari ya nondo, lakini nilivyomwona anavyonitazama...

"Ililia, hooyo."

Akasema alhamdulillahi, akakisugua kile kidole kitupu. Sasa amelala fofofo, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kabla ya kulala aliniagiza kesho niende mapema, nimletee pete yake.