A1 Ingetosha

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeificha kabatini kama kawaida yako? Mimi mzima wa afya, ila kulala mchana baada ya zamu nimesahau kabisa. Kijerumani hakinipi nafasi.

Najua majirani wanakuuliza mbona sijamfuata mume wangu Ujerumani. Mkweo naye kila akipiga simu anauliza mtihani lini. Alishanieleza kwamba mke anayemfuata mumewe anahitaji A1 tu, kile kiwango cha kwanza kabisa: naitwa nani, naishi wapi, mkate bei gani. Mengine yote, alisema, atanisemea yeye. Mwalimu wetu alicheka, akasema A1 ningeifanya hata nikiwa nasinzia.

Nilikwambia nafasi za mtihani zimejaa. Nisamehe, Mama, nafasi zilikuwepo tele. Nilijiandikisha B2, ngazi tatu juu yake, ile wanayotakiwa kuwa nayo wauguzi, na imenichelewesha mwaka mzima.

Wala si kiburi. Wodini kwetu aliletwa mjamzito mgeni, hajui lugha yetu. Kila nikimuuliza yeye, anajibu mumewe. Nikakukumbuka wewe. Ulinisimulia mara moja tu, tukikunja nguo, jinsi ulivyougua ugenini baada ya kunizaa. Daktari aliongea kwa lugha usiyoijua mpaka akachoka, kisha baba akakugeukia, akasema umeambiwa upumzike. Basi. Ukapumzika, ukawa unashona vinguo vya mtoto wa pili, miaka na miaka, mpaka muuguzi mmoja alipokuambia kuwa hutazaa tena, na kwamba baba alijua tangu siku ile. Ulisema alikuonea huruma tu. Najua. Lakini roho iliniuma sana.

Juzi nilimweleza mkweo yote haya. Akasema atasubiri, na kwamba hata yeye, msemaji wangu, mkate bado anaununua kwa kuonyesha kidole. Jamani! Nilicheka huku nalia.

Mtihani ni Jumamosi. Niombee.

Nikifaulu, nikishatulia huko, utakuja kunitembelea. Ukiugua hata mafua, tutaingia kwa daktari pamoja, na kila atakachosema nitakuambia, Mama. Chote, hata kile kitakachoniuma kukitamka.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na hilo goti ulichue.

Ni mimi,
mwanao wa pekee