Dengu za mbwa wa Mama Umang

Dorcas, nimenaswa! Niko jikoni kwa Mama Umang, hapa Pasiansi kando ya ziwa.

Si unajua dini yao hairuhusu nyama, nyumbani kwao hata samaki haingii kabisa? Na mbwa wao wanakula wali na dengu tu. Mbwa wa ziwani, Dorcas! Nikawaonea huruma. Wiki nzima aliyosafiri akaniachia niwalishe, nimewapa dagaa.

Leo karudi. "Bibi, wamenenepa! Umewapa nini?"

Nikasema dengu. Dengu! Mimi, mtu mzima!

"Basi wapikie nione."

Nimepika. Wamenusa, wakageuka.

Kitendawili: kafungwa bila kamba. Jibu ni mimi.

Sasa wote wawili wanalamba kitenge changu, hiki ninachofutia mikono. Mama Umang kaniambia, "Bibi, hebu nipe hicho kitenge nikinuse."