Sauti ya Mama yake Bwana Kishor

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi hapa hatujambo, na baba yako mdogo amepata mtoto wa kike. Unasema programu yako ya kucheza sauti inatoa kelele tupu, nawe unafikiria kuacha masomo. Ngoja nikusimulie.

Biashara huria ilipoanza kuleta kompyuta mjini, niliajiriwa kama fundi wa kompyuta Kariakoo, dukani kwa Bwana Kishor. Alikuwa amerekodi sauti ya mama yake kwenye kompyuta, na mama huyo akafariki. Baadaye faili likaharibika pale mwanzoni, panapoeleza sauti ilirekodiwa vipi, na kila programu ikalikataa.

Nikaandika programu fupi ya kuzisoma namba zilizobaki na kuzipeleka moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Kwanza zikatoka kelele. Nikabadilisha namna ya kuzisoma, ikatoka sauti nyembamba, ya haraka kama ya kasuku. Nikaona aibu, kana kwamba namfanyia marehemu mzaha. Nikanyoosha mkono nizime.

"Usizime, dada Mwanaidi," Bwana Kishor akasema. "Huyo ni mtu anaongea."

Nikapunguza kasi kwa nusu. Mama akasikika taratibu, akiuliza jambo kwa Kigujarati. Bwana Kishor akaisogelea spika na kumjibu kwa lugha yao. Kisha akanigeukia, macho yamelowa.

"Ananiuliza kama nimekula," akasema.

Namba zilikuwa zilezile tangu mwanzo, Zuhura. Jaribu kasi nyingine kwanza, halafu uniandikie umesikia nini.

Akupendaye,
Bibi Mwanaidi